Wimbo na Jina la Mahali



Jioni moja, baada ya mafundisho ya vijana wanaojiandaa kwa Kipaimara hapa Kakanda, mmoja wao alitoa simu yake na kutusikilizisha wimbo. Ulikuwa wimbo wa gitaa moja na sauti moja, rekodi ya zamani yenye mikwaruzo. Vijana walisikiliza kwa makini, kisha wakaanza kubishana. Mmoja alisema mpigaji ni Mzungu aliyejifunza Kiswahili. Mwingine alisema ni mtu wa Nairobi. Wa tatu alishikilia kwamba wapigaji ni wawili, kwa maana gitaa moja haliwezi kutoa sauti nyingi namna ile. Kwenye kioo cha simu yalionekana maneno ya Kiingereza tu, jina la mkusanyo ambao wimbo ule ulitolewa. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kando akimngoja mjukuu wake alicheka kidogo, akasema: «Huyo ni mtu wa Bunkeya. Tulimsikia Jadotville tukiwa watoto.»

Vijana walimgeukia. «Tata, ulimwona kwa macho?» Mzee akaitikia kwa kichwa, lakini usiku ulikuwa unaingia, na mjukuu wake alikuwa amekwisha kuchukua vitabu vyake. Wakaondoka.

Sisi makatekista tulibaki tumenyamaza. Jina la Mwenda Jean Bosco tulilijua, lakini hatukuwahi kulitamka mbele ya wanafunzi wetu. Tumewafundisha majina ya watunzi wa Ulaya, tumewafundisha majina ya wafalme wa Ubelgiji, na hatukuwaambia kwamba mpiga gitaa ambaye wataalamu wa muziki wameandika juu yake London na Vienna alizaliwa katika nchi hii hii yetu. Wimbo wa jirani umezunguka dunia, ukarudi nyumbani ndani ya simu, na watoto wa nyumbani hawakuutambua. Kutokana na ukimya wetu wa jioni ile tumeona vema kuandika tafakari hii, ili tuitazame historia ya wimbo huo na kujiuliza nini kilihifadhiwa, nini kilipotea, na ni nani aliyepaswa kukihifadhi.

Kutoka Bunkeya hadi Jadotville

Bunkeya ina historia ndefu kuliko migodi yetu mikubwa. Katika karne ya 19 ilikuwa makao ya M'siri, mfalme wa Wayeke, ambaye watu wake walitoka Unyamwezi, katika nchi inayoitwa leo Tanzania, wakiifuata shaba na pembe za ndovu. Misafara ilifika hapo kutoka pwani ya Bahari ya Hindi, na mingine kutoka upande wa Angola. Tarehe 20 Desemba 1891 M'siri aliuawa na ofisa wa msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili, na Katanga ikaingizwa katika Dola Huru ya Kongo. Jina la Mwenda ni jina la kifalme la Wayeke: M'siri mwenyewe alilibeba, na warithi wake wameendelea kulibeba kama cheo.

Hapo Bunkeya alizaliwa Mwenda Jean Bosco, mwaka 1930. Jina lake la ubatizo lilikuwa bado jipya katika Kanisa. Mwezi wa Juni 1929 Papa Pius wa 11 alimtangaza Padri Yohane Bosko wa Torino kuwa Mwenye Heri, na siku ya Pasaka, 1 Aprili 1934, akamtangaza Mtakatifu. Wasalesiani, wana wa Don Bosco, walikuwa wamefika Elisabethville tangu 1911, na jina la baba yao likaenea Katanga nzima. Don Bosco aliwakusanya vijana maskini wa mjini kwa michezo na kwa nyimbo, na aliuona muziki kuwa uhai wa nyumba zake. Tunalikumbusha jambo hilo kwa sababu tutalihitaji mbele kidogo.

Mji ambamo Mwenda alijulikana ni Likasi, ulioitwa wakati huo Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mkuu wa kwanza wa kampuni ya Union Minière iliyoanzishwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na baada yake wakaja watu wa kila upande: Waluba wa Kasai na wa Katanga, Wabemba na Walala wa Rhodesia ya Kaskazini, watu wa Rwanda, watu wa Nyasaland. Mwanzoni vijana waliajiriwa kwa miezi michache, wakarudi makwao. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilibadili njia, ikawataka wafanyakazi wakae na wake zao na watoto wao ndani ya kambi, na shule za kambi zikakabidhiwa wamisionari. Kwa namna hiyo kizazi cha kwanza kilizaliwa ambacho kijiji chake kilikuwa kambi, na lugha yake ya kila siku ilikuwa Kiswahili cha hapa kwetu.

Kizazi hicho ndicho kilichoshika gitaa. Ala hiyo haikutoka kijijini, wala haikuwa ya kanisani. Ilinunuliwa dukani kwa mshahara, ikabebwa begani siku ya mapumziko. Mtu aliyezoea kusikia likembe kwao, ambapo vidole gumba viwili vinaongea kama watu wawili, alilishika gitaa kwa masikio hayo hayo. Mwenda alipiga kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, kidole gumba na kidole cha shahada. Kidole gumba kilitembea juu ya nyuzi nene, kile kingine kikajibu juu ya nyuzi nyembamba, na sauti yake ikapita katikati yao. Kijana wetu aliyedhani kwamba wapigaji ni wawili hakukosea sana. Alisikia kweli mazungumzo, ila hakujua kwamba wanaozungumza ni vidole vya mtu mmoja.

Mwaka 1952

Mwaka 1952 alipita Jadotville mtu aliyeitwa Hugh Tracey. Alizaliwa Uingereza mwaka 1903, akaja Rhodesia ya Kusini akiwa kijana ili kulima, akazipenda nyimbo za watu aliofanya nao kazi shambani. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 alianza kuzirekodi, na baadaye alisafiri na gari na mitambo yake katika sehemu kubwa ya Afrika ya Kati, ya Mashariki na ya Kusini. Mwaka 1954 alianzisha taasisi ya kuhifadhi muziki wa Kiafrika huko Afrika Kusini, inayojulikana kwa kifupi kama ILAM. Santuri zake zilizotolewa katika mfululizo mmoja tu zilizidi 200.

Inasimuliwa kwamba Tracey alimkuta Mwenda barabarani akipiga gitaa, akamwomba arekodi. Mwenda alikuwa na umri wa miaka 22 hivi. Kati ya nyimbo zilizorekodiwa ulikuwamo wimbo uitwao «Masanga», ambao baadaye ulipewa tuzo ya Osborn kwa muziki wa Kiafrika. Wimbo huo ulimtoa Mwenda katika barabara za Jadotville na kumpeleka mahali ambapo mwili wake haukuwa umefika. Mtaalamu David Rycroft wa London aliandika makala mbili, mwaka 1961 na 1962, akinukuu kwa noti namna Mwenda anavyobadilisha mapigo yake kutoka ubeti mmoja hadi mwingine. Mtu mwingine, John Low, alikuja Lubumbashi mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati mkoa wetu ukiitwa Shaba, akakaa na wapiga gitaa wazee, akajifunza kwao, na mwaka 1982 kitabu cha safari yake kikachapishwa Vienna. Mmarekani Elijah Wald, ambaye baadaye aliandika vitabu vya historia ya muziki wa bluzi, alikuja pia kujifunza kwa Mwenda.

Afrika Mashariki haikungoja wataalamu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mwenda alikaa kwa muda Nairobi na kuwa na kipindi chake redioni. Mwenzake Edouard Masengo naye alijulikana sana Kenya. Wapiga gitaa wa huko waliwasikiliza, wakachukua mtindo wa vidole viwili, wakauchanganya na ngoma zao, na wakazaa muziki wao wenyewe. Kwa hiyo kijana aliyesema «ni mtu wa Nairobi» naye alikuwa na sababu. Alimsikia mwanafunzi ndani ya sauti ya mwalimu.

Mwenda hakuishi kwa gitaa peke yake. Alifanya kazi nyingine, akaongoza bendi, akakaa Lubumbashi kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Mwaka 1969 alifika Newport, Marekani, katika tamasha kubwa la nyimbo za asili. Mwezi wa Septemba 1990 alifariki katika ajali ya gari. Mwaka 1994 kampuni ya Rounder ya Marekani ilitoa albamu aliyoirekodi katika miaka yake ya mwisho.

Mkulima wa Avalon

Ili tuelewe vizuri kazi ya mkusanyo wa nyimbo, tuvuke bahari kidogo. Mwaka ule ule wa 1952, ambapo Tracey alikuwa Katanga, kampuni ya Folkways ya New York ilitoa santuri zilizokusanywa na Harry Smith: nyimbo 84 za asili za Marekani, za Weusi na za Weupe, ambazo zilikuwa zimetolewa na makampuni ya biashara kati ya 1927 na 1932 na kisha zikasahauliwa. Smith hakurekodi hata wimbo mmoja. Alichagua kati ya santuri zake kuukuu, akazipanga, akaziandikia maelezo. Kupanga peke yake kulitosha kuwafumbua macho vijana wa nchi nzima.

Kati ya sauti hizo ilikuwamo ya mtu mmoja Mweusi aitwaye Mississippi John Hurt, mwimbaji wa nyimbo za asili na za bluzi, aliyepiga gitaa kwa upole, kidole gumba kikitembea chini na vidole vingine vikiimba juu. Alirekodi mwaka 1928. Kisha uchumi wa dunia ukaanguka, kampuni haikumwita tena, akarudi kulima. Kwa miaka zaidi ya 30 waliompenda kwa santuri hawakujua kama yu hai. Lakini katika wimbo wake mmoja alikuwa amekitaja kijiji cha Avalon kuwa ni kwao. Mwaka 1963 kijana mmoja, Tom Hoskins, aliufuata wimbo huo kama mtu anavyofuata barua, akafika Avalon katika jimbo la Mississippi, akamkuta mzee huyo angali hai. Mwaka huo huo Hurt alipiga Newport mbele ya umati wa watu. Aliishi miaka mitatu zaidi.

Tumeisimulia habari hii kwa sababu ya jambo moja dogo. Kilichomrudisha mzee yule kwa watu hakikuwa uzuri wa wimbo wake, maana nyimbo nzuri zilikuwa nyingi. Kilikuwa jina la mahali. Jina la mwanadamu laweza kuandikwa vibaya, sauti yaweza kufifia, lakini anayejua mahali aweza kwenda kuuliza.

Kenya nayo ina mfano wake. Mwaka 1950 Tracey alirekodi kwa Wakipsigis nyimbo zilizomtaja mtu, au kiumbe, aitwaye Chemirocha. Jina hilo lilikuwa la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilifika vijijini pamoja na gramofoni. Wakipsigis walilisikia jina lake kwa sikio lao, wakalifanya jina la kwao, wakamwimbia kwa kinubi chao. Katika muongo wa 2010 taasisi ya ILAM ilianza kurudisha rekodi kama hizo kwa jamii zilizoziimba, na kati ya waliotembelewa walikuwamo Wakipsigis, ambapo wazee walisikia tena sauti za ujana wao. Iliwezekana kwa sababu Tracey alikuwa na desturi ya kuandika kwenye kadi jina la mwimbaji, lugha, ala na mahali.

Kinachohifadhiwa na kinachopotea

Mkusanyo uliotufikia kwa simu ya kijana wetu unaitwa Origins of Guitar Music, maana yake asili ya muziki wa gitaa, na unahusu kusini mwa Kongo na kaskazini mwa Zambia. Uliandaliwa na Michael Baird, mpiga ngoma aliyezaliwa Zambia na kuishi Uholanzi, kutoka katika hazina ya Tracey. Miaka ya rekodi imeandikwa katika jina lake: 1950, 1951, 1952, 1957 na 1958. Mwenda yumo, akiwa na wenzake wa pande zote mbili za mpaka.

Tuanze na kusifu, kwa kuwa kusifu ni haki. Kwanza, bila watu hawa tusingekuwa na kitu. Santuri za zamani zilivunjika, makampuni yalifungwa, vita na uporaji vilipita nyumba kwa nyumba, mchwa na mvua vilikula vilivyobaki. Pili, mkusanyo huu umefanya jambo ambalo vitabu vyetu vya shule havikulifanya: umewaweka pamoja watu wa Katanga na watu wa Zambia. Mpaka uliochorwa kati yetu mwishoni mwa karne ya 19 uliwagawa ndugu, lakini wapiga gitaa hawakugawanyika. Shaba ni moja chini ya ardhi, na nyimbo za watu wa shaba zinafanana juu yake. Anayezisikiliza mfululizo husikia nchi moja.

Baada ya kusifu, tupime. Santuri ya zamani ilibeba dakika tatu hivi kwa kila upande. Mwenda alizoea kupiga kwa kadiri wasikilizaji walivyotaka, akibadilisha na kuongeza. Mbele ya maikrofoni alipaswa kumaliza mapema. Tunachokisikia, basi, ni kipande cha wimbo, kama picha ya mtu iliyokatwa mabegani. Zaidi ya hayo, maneno yake ni ya Kiswahili cha kambi za miaka ile, chenye mafumbo na mizaha iliyoeleweka na waliokuwa wamesimama pale. Msikilizaji wa Ulaya hulipenda gitaa na kuyaacha maneno yapite. Lakini aliyesimama barabarani Jadotville aliyafuata maneno, akacheka au akakasirika kwa ajili yake. Mkusanyo umetuhifadhia sauti, lakini kicheko cha wasikilizaji haukuweza kukihifadhi.

Hata neno «asili» linahitaji uangalifu. Mtu aweza kudhani kwamba muziki wetu wa gitaa ulianza siku Tracey alipofika. Hapana. Mwenda mwenyewe alijifunza katika mji ambao tayari ulikuwa na wapigaji. Hao hawakukutana na maikrofoni, kwa hiyo hawamo. Rekodi ya kwanza si mwanzo wa jambo. Ni siku tu ambayo jambo hilo lilipata shahidi mwenye mtambo. Mwalimu anayesahau tofauti hiyo atawafundisha watoto kwamba mababu zao walianza kuishi siku walipoandikwa na wageni.

Wako ndugu wanaosema kwa uchungu kwamba wageni wamechukua nyimbo zetu kama walivyochukua shaba: malighafi hutoka hapa, kitu kilichokamilika huuzwa mbali. Tunauelewa uchungu huo, sisi tunaoishi kando ya mgodi na kuona malori yakipita mchana na usiku. Swali la nani analipwa kwa ajili ya wimbo ni swali la haki, na familia za waimbaji wanayo haki ya kuliuliza. Hata hivyo kuna tofauti moja ambayo ni lazima tuikiri. Shaba ikishachimbwa, shimo hubaki tupu. Wimbo uliorekodiwa ungaliweza kubaki kwetu pia, na ungali unaweza. Kama shimo limebaki, hatuwezi kusema ni wageni peke yao waliolichimba.

Sehemu yetu

Hapa inatupasa kusema ukweli juu yetu wenyewe. Mama mmoja mzee, baada ya kusikia kwamba tunaulizia nyimbo za zamani, alituambia kwamba mume wake alikuwa na santuri zilizojaa sanduku. Walipotaka kubariki ndoa yao, katekista wa wakati huo aliwaambia kwamba nyimbo za gitaa ni nyimbo za baa, na kwamba mtu hawezi kuweka nyumba moja sanduku lile na msalaba. Mume alizivunja zote juu ya goti, moja moja, mbele ya watoto. Mama yule hakutuambia kwa hasira. Alisema tu kwamba mume wake, mpaka siku za mwisho, alikuwa akipiga vidole mezani kana kwamba anasikiliza kitu.

Katekista yule hakuwa mtu mbaya. Aliona ulevi, aliona mishahara ikimalizikia baa, aliona wanawake wakilia. Gitaa lilikuwa pale pale palipokuwa na pombe, naye akaviweka katika hukumu moja. Wengi wetu tulifundishwa naye au na mfano wake, na tukarudia maneno yake kwa miaka mingi.

Lakini wakati ule ule Kanisa la Katanga lilikuwa likionyesha njia nyingine. Joseph Kiwele, mwalimu na mtunzi aliyezaliwa mwaka 1912, alitunga Misa ya Katanga kwa kufuata milio ya kwetu. Huko Kamina, Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, pamoja na kwaya yake ya vijana, walitengeneza Misa Luba, iliyosikika Ulaya mwaka 1958. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza hati juu ya Liturujia Takatifu, ambayo katika namba 119 yake inataka mapokeo ya muziki ya mataifa, hasa katika nchi za misioni, yaheshimiwe na kupewa nafasi yake. Mlango ulifunguliwa kwa ngoma na kwa kwaya. Gitaa la mfanyakazi, pamoja na nyimbo zake za mapenzi, za njaa, za mkubwa wa kazi na za jirani mwenye kijicho, lilibaki nje. Hatusemi kwamba «Masanga» ulipaswa kuimbwa kwenye Misa. Tunasema kwamba si kila kisichoimbwa kwenye Misa ni cha kuvunjwa juu ya goti. Aliyeitwa kwa jina la Yohane Bosko alikuwa akiwakusanya vijana wa mjini kwa wimbo, na sisi tuliopewa kazi ile ile hatukumtambua.

Mwana wa Sira, katika sura ya 44 ya kitabu chake, anapowasifu mababu anawataja pamoja wafalme, wenye hekima na watunzi wa nyimbo. Baada yao anawakumbuka wale ambao hawakuacha ukumbusho wowote, wakapita kana kwamba hawakuwahi kuwako. Mara nyingi tumeisoma sura hiyo siku ya Marehemu bila kuona kwamba inatuhoji. Maana nani anaamua mtunzi fulani awe katika kundi la kwanza au la pili? Kwa sehemu ni wale waliobaki hai: kama waliuliza, kama waliandika, kama walihifadhi.

Daftari

Wiki tatu baada ya jioni ile tulikwenda nyumbani kwa mzee aliyemtambua Mwenda. Tulichukua daftari na simu ya kurekodi. Tulitaka kumwuliza ni barabara gani, ni saa ngapi, nani alisimama pale, maneno yale yalimlenga nani. Tulikuta viti vimepangwa uani na watu wamekaa kimya. Alikuwa amezikwa siku mbili kabla. Mjukuu wake alitupokea, akatukalisha, akasema babu alikuwa amemwambia kwamba walimu watakuja.

Kwa hiyo kutoka kwake tunazo sentensi mbili tu, zile mlizosoma mwanzoni. Tumeziandika hapa zisipotee nazo.

Tangu siku hiyo tumekubaliana mambo machache, nasi tunayaleta kwenu ili kila jumuiya iyapime. Mkutano wa vijana wa kila mwezi umetengewa nusu saa ya kusikiliza pamoja na wazee: wimbo mmoja tu, mara mbili, kisha maswali. Kijana mmoja anaandika maneno ya wimbo kama yanavyotamkwa, bila kuyasahihisha kwa Kiswahili cha vitabu, na mzee anaeleza maana. Chini ya ukurasa tunaandika siku zote mambo manne: jina la aliyeimba, jina la aliyeeleza, mwaka, na mahali. Mahali tunapaandika kwa ukamilifu, mtaa na kambi, na jina la zamani pamoja na jipya, kwa sababu tumejifunza kwa mkulima wa Avalon kwamba ndiko njia ya kurudi inakoanzia.

Hatuna mitambo ya Tracey wala santuri za Smith. Tunayo madaftari ya shule, simu za watoto wetu, na wazee wanaopungua. Mkusanyo uliotoka Uholanzi umetupa sauti ya Mwenda bila kutuomba chochote. Kilichokosekana ndani yake, yaani maana ya maneno, kicheko cha barabarani na majina ya wapigaji waliomtangulia, hakiwezi kuongezwa na mtu wa Uholanzi. Kinaweza kuongezwa na sisi tu, na kwa muda mfupi uliobaki.

Mama yule wa sanduku la santuri amekubali kuja mwezi ujao. Amesema nyimbo nyingi za mume wake anazikumbuka bado, ingawa sauti yake imeisha, na kwamba ataziimba taratibu ili vijana wapate kuandika. Tunawaomba mtuombee, na kama kwenu yuko mzee anayepiga vidole mezani, kaeni karibu naye mkamwulize anasikiliza nini.